Nuristan Haikuanza Mwaka 1896

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili ayaelewe majina mawili yaliyopewa nchi moja ya milimani, mashariki mwa Afghanistan, katika safu ya Hindu Kush. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 majirani zake Waislamu waliiita Kafiristan. Tangu 1896 imeitwa Nuristan. Mimi niliyekulia chuoni nikisoma juzuu niliyaelewa majina hayo papo hapo, na baadaye ndipo swali liliponikaa moyoni: je, watu wale hawakuwa na asili wala urithi wa kutajwa mpaka jeshi la Kabul lilipowafikia?

Jeshi hilo lilitumwa na Amiri Abdur Rahman Khan, mtawala wa Afghanistan, katika majira ya baridi ya 1895 na 1896, wakati theluji imeziba njia za milimani na wenyeji hawana pa kukimbilia. Watu walisilimu, misikiti ikajengwa, watoto wa wakubwa wakachukuliwa kwenda kusomeshwa Kabul, na vizazi vilivyofuata vikawa Waislamu wa dhati. Sina shaka na dini yao hata chembe. Ninachokikataa ni kuhesabu historia yao kuanzia siku hiyo.

Kuhusu asili yao zimezoeleka hadithi mbili. Ya kwanza inasema wao ni mabaki ya askari wa Iskandari wa Makedonia, aliyepita pande zile mwaka 327 KK. Ya pili, ambayo baadhi yao wenyewe wameisimulia, inasema ni Makureshi waliohama Uarabuni kwa kuukataa Uislamu ulipoanza. Sisi wa pwani tunaijua hamu ya namna hii, maana nasi tumebishana miaka mingi juu ya Ushirazi, na ninaona si haki kumcheka mtu anayetafuta babu mtukufu. Hata hivyo, ushahidi ulio mdomoni mwao una nguvu kuliko hadithi zote mbili. Lugha za Kinuristani, zikiwemo Kikati, Kiwaigali na Kiprasuni, wataalamu wengi wanazihesabu kuwa tawi la peke yake, ndugu wa lugha za Kiajemi upande mmoja na za Kihindi upande mwingine. Chukua neno la kumi: Mwajemi husema “dah”, Kisanskriti husema “dasha”, na Mkati husema “duts”. Ile “ts” ya mwisho ni sauti kongwe ambayo ndugu zake waliipoteza zamani sana, kabla Iskandari hajazaliwa. Watu wenye lugha kama hiyo hawahitaji kuazima babu kutoka Makedonia wala Makka.

Urithi wao mwingine umo katika mbao. Zamani maiti aliwekwa ndani ya sanduku la mbao juu ya ardhi, na baadaye jamaa zake wakafanya karamu na kumsimamishia sanamu ya mti. Sanamu kadhaa zilibebwa kama ngawira hadi Kabul, zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho, na mwaka 2001 zikavunjwavunjwa na Taliban, kisha mafundi wakaja kuviunganisha vipande. Najua Muislamu mwenzangu ataniuliza kwa nini nihuzunike kwa ajili ya masanamu. Nahuzunika kwa sababu hakuna aliyekuwa akiyaabudu tena, na yalikuwa miongoni mwa sura chache zilizobaki za mababu wa watu ambao leo wanaswali swala tano.

Kilichonusurika zaidi ni kile kinachotumika kila siku. Majirani zao huketi chini juu ya zulia. Mnuristani ana kiti kifupi cha mbao, kilichowambwa kwa kanda za ngozi, na miguu yake imechongwa nakshi. Enzi za zamani si kila mtu aliruhusiwa kukalia kiti hadharani, kwani heshima hiyo ilipatikana kwa kulisha kijiji kizima karamu baada ya karamu. Masharti hayo yamekwisha, kiti kipo. Nakshi nazo hazikutupwa: mafundi waliozoea kuchonga nguzo za nyumba za wakubwa ndio waliopewa kazi ya kuchonga nguzo za misikiti mipya, nao wakazichonga kwa mkono uleule waliofundishwa na baba zao.