Ubani ule ule, imani nyingine

Unguja ubani hauna dini. Unafukizwa kwenye maulidi, unafukizwa chumbani kwa bi harusi, unafukizwa nyumba mpya inapohamiwa. Na Jumapili asubuhi, ukipita Mkunazini karibu na Kanisa Kuu la Kristo, utaunusa vilevile, maana Waanglikana wa hapa si sawa na wale wa Dodoma. Wa Dodoma walilelewa na wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha watu wa Biblia na mahubiri. Wetu walilelewa na UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu vya Uingereza, waliofika Unguja mwaka 1864 na Askofu Tozer, wakaja na majoho, mishumaa, kengele, kitubio kwa padre na salamu kwa Bikira Maria. Mkatoliki wa Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki hapa mjini, akiingia pale hapotei. Labda atashangaa tu kusikia kwamba padre ana mke.

Sasa huko Uingereza na Marekani kuna Waanglikana wanaofukiza ubani kama sisi, wanaovaa joho kama letu na kupiga goti mbele ya tabenakulo, kisanduku cha kuhifadhia Sakramenti, kama sisi, lakini ukikaa nao kwenye chai baada ya misa unakuta imani yao imekwenda mbali. Wanakubali wanawake wawe mapadre na maaskofu. Wengi wanataka ndoa za jinsia moja zibarikiwe. Kuzaliwa na bikira wanakuzungumza kwa uangalifu mwingi, kama mtu anayevuka mkondo kwa kupima kina kwa mti. Mwaka 1990 baadhi yao walianzisha huko Uingereza kundi liitwalo Affirming Catholicism, lenye shabaha hiyo hasa: ibada ya kale, fikra zilizo wazi. Rowan Williams, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Je, mambo hayo mawili yanakaa chungu kimoja? Wapo wanaojibu haraka: lila na fila havitangamani. Na wakitafuta shahidi hawaendi mbali, wanakwenda kwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake mwaka 1924.

Weston alikuwa mtu mgumu. Mwaka 1913 maaskofu wa Mombasa na Uganda walikutana Kikuyu na wamisionari wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti, wakapanga namna ya kushirikiana, na mwisho wakashiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti. Weston, kutoka kisiwa hiki kidogo, alitaka wenzake hao wawili washitakiwe kwa uzushi. Miaka miwili baadaye alifanya kubwa zaidi. Askofu wa Hereford, kule Uingereza, alimpa cheo katika kanisa lake kuu mwanateolojia aliyeitwa Streeter, mmoja wa waandishi wa mkondo wa kisasa, unaohoji mafundisho ya kale. Weston akatangaza kwamba yeye na dayosisi yake hawana tena ushirika na askofu huyo. Hebu fikiria: Mkunazini inaitenga Hereford! Uingereza wengine walicheka, wengine walikasirika. Yeye hakurudi nyuma. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: ukipiga goti mbele ya Sakramenti huku moyoni huna hakika kama Kristo alifufuka, unampigia goti nani?

Hoja hiyo bado ina meno. Liturujia si mapambo ya ukumbini; kila ishara yake inasema neno. Padre akiinua hostia, mkate wa misa, anasema jambo kuhusu Mungu. Ukishalikana jambo lile ukabakiza mkono ulioinuliwa, umebakiza mchezo wa kuigiza, hata kama umeigizwa kwa ustadi na kwa sauti nzuri ya kwaya. Niliwahi kumsikia mzee mmoja wa Mbweni akisema hili kwa ukali kuliko Weston: watu hao wamependa harufu wakasahau kilichochomwa.

Lakini upande wa pili nao hauongei upuuzi. Wanasema kwamba ibada ya kale ina nafasi ndani yake kuliko mahubiri ya mtu mmoja. Katika ibada ya mahubiri, imani yako inapimwa na mhubiri wa siku ile. Asiyekubaliana naye ajue pa kwenda. Katika misa, maneno ni yale yale, ya padre mwenye shaka na ya padre asiye nayo, na muumini anabebwa na kitu kikubwa kuliko yeye. Wanakumbusha kwamba maaskofu wa Nikea mwaka 325 waliandika “tunasadiki” katika kanuni ya imani, kwa wingi. Siku ambayo mimi siwezi kusadiki, jirani yangu wa benchi ananisadikia. Nikiwa mkweli, nimekuwa na siku kama hizo, na sidhani niko peke yangu.

Tena wanasema, nani kasema mapokeo hayabadiliki? Askofu Steere, aliyelijenga kanisa la Mkunazini na kuzikwa nyuma ya altare yake mwaka 1882, alitumia miaka yake kuwatoa watu kwenye Kiingereza na kuwaingiza kwenye Kiswahili cha Unguja. Wakatoliki nao walisali kwa Kilatini mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, kisha wakageuka. Leo hakuna bibi wa Minara Miwili anayeona “Bwana awe nanyi” ni uzushi.

Hapo ndipo ninapoanza kuvuta breki, kwa sababu kubadili lugha na kubadili mafundisho si kazi moja. Hata hivyo mfano huo umenipeleka Pemba, na Pemba imenifunza zaidi kuliko wote hawa. Karibu na Chake Chake, mwaka 1897, walifika Wakweka wa Uingereza, wale wanaojiita Marafiki, kusaidia watu waliokuwa wakitoka utumwani. Ibada yao ya asili haina padre, haina altare, haina hata wimbo: watu wanakaa kimya mpaka mmoja asukumwe na Roho kusema. Ukitafuta kinyume cha ubani wa Mkunazini, ni kimya kile. Sasa tazama. Wakweka wa Uingereza wameendelea na kimya cha wazee wao, na mwaka 2009 waliamua kufungisha ndoa za jinsia moja. Wakweka wa Kenya, ambao ni wengi kuliko wa nchi yoyote duniani, kwa sehemu kubwa wamekiacha kimya. Wana wachungaji, mahubiri na kwaya. Katika suala hilo la ndoa hawataki hata kusikia.

Aliyeshika umbo kabadili imani, aliyebadili umbo kashika imani. Kwa hiyo wazee wetu wanaodhani chetezo kitalinda mafundisho wanakitwisha chetezo mzigo usio wake. Vijana wanapoleta gitaa na mapambio si lazima wawe wameleta uzushi. Mara nyingi wao ndio wakali kupita wazee. (Ubaya wa spika zao ni kesi nyingine, na hapo niko upande wa wazee moja kwa moja.)

Basi umbo linalinda nini? Mkunazini jibu liko sakafuni. Altare imewekwa mahali palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa, katika soko lililofungwa mwaka 1873. Huwezi kuadhimisha misa pale bila kusimama juu ya maumivu ya mtu. Weston alilijua hilo. Mwaka 1920 alichapisha maandishi ya kupinga kazi za kulazimishwa walizofanyishwa Waafrika wa Kenya. Mwaka 1923, London, mbele ya wapenda ubani wenzake, aliwaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika vibanda vya mafukara.

Kinachoniudhi katika mjadala huu ni jinsi Weston alivyokatwa vipande viwili. Waliberali wa ubani wananukuu hotuba ya 1923 na kunyamazia mwaka 1915. Wahafidhina wa kwetu wanapenda 1915, lakini wakiulizwa juu ya kibarua asiyelipwa mshahara wake wanahamia kwenye mada ya ndoa. Yeye hakuona mlango kati ya vyumba hivyo viwili.

Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Marekani ilikuwa imemweka wakfu askofu aliyeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, mwaka 2003, na ugomvi haukuwa umepoa. Baadhi ya maaskofu wa nchi za kusini mwa dunia walikataa kupokea komunyo pamoja na askofu kiongozi wa Marekani. Tarehe 18 wakavuka bahari kuja Mkunazini kwa ajili ya misa, kwa kuwa zilikuwa zimetimia karne mbili tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa. Rowan Williams alihubiri. Mtu wa ubani na fikra pana, katika kanisa la Weston.

Nimejiuliza mara nyingi: padre wa ubani mwenye fikra zilizo wazi akinipa hostia, nipokee? Kanisa langu linafundisha kwamba ubaya wa mhudumu hauiharibu sakramenti. Fundisho hilo linahusu dhambi, si mafundisho potofu, na Weston angenikumbusha tofauti hiyo kabla sijamaliza kuuliza. Ningepokea. Kisha ningemfuata sakristia, chumba cha kuvalia, joho likiwa bado mabegani mwake, nimuulize kwa adabu anaposema “akafufuka siku ya tatu” huwa anakusudia nini.