Bei kikomo imeandikwa na nani?

Nchini India, geuza pakiti ya biskuti au chupa ya maji na utakuta herufi tatu: MRP. Hiyo ndiyo bei kikomo ya rejareja, kodi zote zikiwamo humo humo. Mwenye duka akizidisha hata rupia moja amevunja sheria, yaani Sheria ya Vipimo ya 2009 na kanuni za bidhaa zilizofungashwa za 2011.

Wanaousifu utaratibu huu mara nyingi hudhani serikali imekaa chini, ikapiga hesabu, ikaamua biskuti zisizidi kiasi fulani. Sivyo. Ukiacha dawa muhimu, ambazo zina mamlaka yake ya kupanga bei, kwa bidhaa nyingi mwenye kuandika hicho kikomo ni mtengenezaji mwenyewe. Tuseme anajua kitu chake kitauzwa rupia 300. Anachapa 500. Duka linatundika bango la punguzo la asilimia 40, na mnunuzi anatoka akichekelea. Sheria haijaguswa.

Hata hivyo nauunga mkono. Namfikiria mtoto aliyetumwa dukani, mgeni asiyejua bei za pale, mtu mwenye haraka ambaye hana muda wa kuvutana. Hao ndio hulaliwa, na namba iliyochapwa ndiyo inayowasemea.

Ndiyo maana visingizio vya kuivuka vinaniudhi. Muuzaji atakwambia soda hii imetoka kwenye friji, umeme nao unalipiwa, ongeza kidogo. Faida yake imo tayari ndani ya bei ile. Ubaridi si bidhaa ya pili. Kwa hoteli na mikahawa mambo ni tofauti: Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba zinaweza kuuza maji ya chupa juu ya MRP, kwa kuwa mteja pale hanunui maji peke yake, ananunua na kiti na kuhudumiwa. Hoja naielewa, mradi bei iwe kwenye menyu kabla chupa haijafunguliwa. Mwaka uliofuata ulianza na katazo la bidhaa ileile kuchapwa MRP mbili kwa hila, moja ya mtaani na nyingine ya kiwanja cha ndege. Hapo napiga makofi.

Anayepunjwa dukani anaweza kudai risiti na kupiga 1915, namba ya taifa ya malalamiko ya walaji.

Lakini kupunjwa kwingine hakuna wa kumlalamikia. Pakiti ya biskuti ya rupia 5 ni mfano mzuri: watengenezaji wanajua mnunuzi ameizoea sarafu hiyo moja, kwa hiyo gharama zikipanda hawaigusi bei, wanapunguza gramu. MRP inabaki palepale, safi kabisa kisheria, na chai inabaki kikombeni biskuti zimekwisha. Umoja wa Ulaya uliliona tatizo la kulinganisha pakiti mapema, na tangu 1998 una agizo la kuonyesha bei kwa kilo au lita. India nayo imeingiza kwenye kanuni zake bei kwa gramu au mililita.

Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga lebo, namba hiyo ingechapwa kubwa kuliko MRP yenyewe.