Kumuenzi Mwalimu kwa masharti yapi?
Kuna makala inayodai kwamba mwanasiasa akimnukuu Mwalimu Nyerere jukwaani basi tayari anamuenzi. Hapo sikubaliani, maana Mwalimu aliacha kipimo cha maandishi. Azimio la Arusha la 1967, tamko la ujamaa la chama chake, lilitaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na "kiongozi" hakuwa waziri au mbunge tu; hata mtumishi wa ngazi ya kati alihesabiwa, pamoja na mwenzake wa ndoa, ili nyumba isiandikwe jina la mke (kumbe ujanja huo ni wa zamani). Masharti hayo yalilegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar, Februari 1991, Mwalimu akiwa ameshaachia uenyekiti. Mei Mosi 1995, Mbeya, akalalamikia hadharani kulegezwa huko. Kilichobaki ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ambapo kiongozi anajaza fomu ya mali na madeni ifikapo 31 Desemba kila mwaka. Yaani anatakiwa kuzitaja tu, hakatazwi kuwa nazo. Ndiyo maana kwenye kampeni utasikia nukuu za amani, umoja na rushwa, lakini ile ya nyumba za kupangisha hupitwa kimyakimya. Kuna mgombea mnayemkumbuka aliyewahi kuyasoma masharti yale yote mbele ya wapiga kura?