Tusimlazimishe mgeni kulipa kwanza

Katika makundi ya WhatsApp na Facebook ambamo sisi wakusanyaji wa sarafu, noti na stempu wa Lubumbashi, Kongo, tunauziana vitu na wenzetu wa Likasi, Kolwezi, Goma, Bukavu na hata Ubelgiji, kuna desturi moja inayofuatwa kana kwamba ni sheria: asiyejulikana ndiye anayetangulia kutuma. Akiwa mnunuzi, atangulize pesa. Akiwa muuzaji, atangulize kitu. Anayejulikana akiombwa dhamana hujibu, «Papa, ulizia jina langu kwa wazee wa kundi,» na mazungumzo huishia hapo. Naona desturi hii imetuletea ugomvi mwingi, na kwa vitu vya thamani kubwa tunapaswa kuiacha.

Kwa vitu vidogo haina ubaya, kwa sababu hasara yake inavumilika. Taabu ni kwamba jina zuri hujengwa kwa vitu hivyohivyo vidogo. Mtu anaweza kuuza kwa uaminifu zile sarafu za shaba nyeusi za mwaka 1961, za Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, faranga 1 na faranga 5, zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, akasifiwa kila anapouza, kisha siku moja akatangaza faranga 5 ya dhahabu ya mwaka huohuo. Sifa alizozipata kwa vitu vya dola chache hazituambii atafanya nini pesa nyingi zitakapokuwa mikononi mwake. Mgeni, kwa upande wake, anabebeshwa hatari yote kwa kosa moja tu, la kuwa mgeni, na akinyamazishwa mara mbili au tatu anatoka kundini na mkusanyo wa babu yake ambao pengine sisi wote tungeufurahia.

Tunabishana sana juu ya njia ipi ya kulipa ni salama, ilhali kila njia imekwisha kuamua, hata kabla hatujapatana bei, ni nani atakayeumia mambo yakiharibika. Huduma za pesa ya simu, yaani M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, zinampendelea muuzaji: pesa ikiingia na akaitoa kwenye kabini, kibanda cha wakala, imekwenda. Mnunuzi anaweza kulalamika kwa kampuni kwamba amekosea namba, lakini hakuna kampuni ya simu itakayokaa kuamua kama stempu ilikuwa halisi. Kwa mnunuzi aliyeko Brussels mambo yanageuka. Akilipa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kama mnunuzi wa bidhaa, ana siku 180 za kufungua malalamiko, na muuzaji wa Lubumbashi aliyempa kifurushi msafiri aende nacho kwenye sanduku lake, bila namba ya ufuatiliaji, hana cha kuonyesha. Ndiyo maana wauzaji wetu wengi huomba pesa itumwe kwa ile njia nyingine ya PayPal, ya kutumiana pesa ndugu na marafiki. Wanasema wanakwepa makato, na ni kweli, lakini kwa njia hiyo mnunuzi anapoteza kinga yote aliyokuwa nayo, na mara nyingi hakuna aliyemweleza. Kumwomba mtu asiyekujua akulipe kama ndugu yako, halafu kukataa kumrejeshea pesa kwa kuwa mfumo haukulazimishi, ni jambo ambalo kundi lenye heshima halipaswi kulivumilia.

Kisha kuna migogoro ambayo haina mwizi ndani yake. Mnunuzi anatuma dola 50, muuzaji anakwenda kuzitoa na kukuta gharama za kutoa zimezimega, naye anadai bei ilikuwa dola 50 mkononi. Mwingine anatuma faranga kwa kiwango cha asubuhi, muuzaji anahesabu kwa kiwango cha jioni. Mwingine anampa dereva wa basi, amfikishie muuzaji, noti ya dola 20 yenye mchaniko mdogo pembeni, na kila mtu katika nchi hii anajua kwamba noti hiyo hakuna atakayeipokea. Sentensi moja iliyoandikwa mapema, ikisema sarafu gani, kiwango gani na nani analipa gharama za kutoa, ingeyamaliza haya yote.

Mgogoro mgumu zaidi ni wa maelezo ya kitu chenyewe. Muuzaji anaandika «sarafu safi sana», naye hasemi uongo: ameisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa. Mkusanyaji anayeipokea anaona mistari myembamba ya kusuguliwa ikizunguka ndizi, anajua kwamba ile rangi ya shaba iliyokomaa kwa miaka sitini haitarudi, na kwake bei imeanguka. Stempu ni mtego mkubwa zaidi. Zile za Kongo ya Ubelgiji zilizopigwa chapa ya neno KATANGA mwaka 1960 zimeghushiwa, kwa kuwa stempu ya kawaida inapatikana kirahisi na kupiga neno moja la wino si kazi ngumu kwa mwenye nia mbaya. Picha iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya njano haiwezi kuonyesha kama wino ni wa wakati ule. Hapo muuzaji anaweza kuwa ametapeliwa yeye mwenyewe na aliyemuuzia, na kumwita mwizi mbele ya kundi zima ni dhuluma.

Sisi tunaokusanya noti za Zaire, kama nchi yetu na pesa yake zilivyoitwa zamani, tulipaswa kuyaelewa haya kuliko wengine. Noti ya zaire 5,000,000, ambayo wengi wetu tunayo, ndiyo ambayo Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyekuwa akipingana na Rais Mobutu, aliitangaza kuwa si halali. Wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya ghasia mjini Kinshasa mnamo Januari 1993. Mwaka huohuo, zaire mpya ilipoletwa kwa kiwango cha zaire 3,000,000 za zamani kwa moja, watu wa Kasai waliikataa wakaendelea na karatasi zao kuukuu. Pesa ilikuwepo mkononi. Yaliyokosekana ni makubaliano.

Ninachopendekeza ni mshika dhamana. Kwa kitu chochote kinachozidi dola 100, mnunuzi ampe pesa mtu wa tatu ambaye wote wawili wamemkubali kwa maandishi, muuzaji atume kitu, mnunuzi akifungue huku akirekodi video, na pesa itoke baada ya siku walizopatana. Siku hizo lazima ziwe nyingi kwa wenzetu wa Goma, ambako benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025: wao wanategemea zaidi pesa ya simu, na kifurushi chao hupita njia ndefu. Kuwadai watangulize pesa na kungoja kwa imani ni kuwazidishia mzigo.

Najua nitaulizwa, na mshika dhamana akikimbia? Ndiyo maana asiwe msimamizi wa kundi wala rafiki wa muuzaji, asishike zaidi ya mauzo mawili kwa wakati mmoja, na awe mtu tunayemjua nyumba yake, iwe katika mtaa wa Kamalondo au Bel-Air, si namba ya simu tu. Kabla ya kusema amepokea, aangalie salio lake mwenyewe, maana ujumbe wa malipo na picha ya skrini vinaghushiwa kila siku. Alipwe kitu kidogo kwa kazi yake, nusu kutoka kwa kila upande. Na sharti hili liwahusu kwanza wale wenye majina makubwa, kwa kuwa wakilikubali wao, hakuna mgeni atakayeona aibu kuliomba.