Mirathi na urithi: kitu kimoja au viwili?

Mtu akisema "nimepata mirathi ya baba", hakuna asiyemwelewa. Hiyo ndiyo hoja ya wanaoyaona maneno haya mawili kuwa ni kitu kimoja, nayo ina nguvu: mzizi ni ule ule wa Kiarabu. Ila matumizi yameyatenganisha. Urithi limetanuka mno. Kuna ugonjwa wa kurithi, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Mirathi limebaki kwenye mali ya marehemu na taratibu zake.

Mahakamani Tanzania mtu hufungua mirathi, hafungui urithi. Mirathi ni alichoacha marehemu kwa ujumla wake, madeni yakiwamo. Urithi ni kile kinachomfikia kila mmoja mwishoni. Tuseme Mwislamu ameacha mali ya shilingi milioni 30, mke mmoja, watoto watatu wa kiume na wa kike mmoja. Wazazi wake wametangulia, na hakuacha wasia. Mazishi na madeni yakila milioni 6, hugawanywa milioni 24. Mke hupata thumni, yaani moja ya nane: milioni 3. Zinazobaki 21 hukatwa mafungu saba: kila wa kiume mawili, milioni 6, wa kike moja, milioni 3. Anayeita ile 30 "urithi wetu" ameshagawa pesa za wadai.

Upande wa pili una jibu. Kenya watu wengi husema "kesi ya urithi" na mambo yanakwenda. Hata vitabu vya dini husema mwanamke ana haki ya mirathi, maana yake fungu lake. Kusahihisha mazungumzo ya namna hiyo ni ukaidi tu.

Kwenye karatasi ndiko nisikokubali ulegevu, hasa muhtasari wa kikao cha ukoo. Wanandugu huandika "tumemteua kaka mkubwa kuwa mrithi" wakikusudia msimamizi wa mirathi. Naye, akishashika hati, huuza kiwanja akiamini ni chake. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni na hugawa. Kwa kanuni za mahakama za mwanzo za Tanzania, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi akiongezewa na mahakama, hupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, hesabu za alichopokea, alicholipa na alichouza huenda kwa Fomu Na. VI. Aliyeambiwa ni mrithi haoni sababu ya kumpa mtu hesabu.

Bora muhtasari utaje mambo mawili mbalimbali: nani anapendekezwa kuwa msimamizi, kisha majina ya warithi wote na uhusiano wao na marehemu. Msimamizi akiwa pia mtoto wa marehemu, jina lake liandikwe mara mbili, na fungu lake lionekane kwenye mgawanyo kama la wenzake.