Kesi ya Miaka 9, Ruzuku ya Miezi 12

Mwaka 2013 asasi mbili za kiraia nchini Kenya, TISA na CEDGG, zilikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneobunge. Hoja yao: mbunge hawezi kupitisha bajeti, kusimamia miradi ya bajeti hiyo hiyo, kisha ajikague. Zilishinda Februari 2015, kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa, na Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa sheria ile ilikiuka Katiba. Miaka 9. Ruzuku nyingi za wafadhili ni za miezi 12, pengine 24.

Wanaozishuku asasi hizi wana hoja. Hakuna aliyezipigia kura. Nyingi huishi kwa fedha za nje, na ripoti zao husomwa na mfadhili kabla ya mwanakijiji. Wapo pia waliogeuza ushirikishwaji wa umma kuwa semina za hotelini na posho. Lakini dawa iliyoletwa bungeni mwishoni mwa 2013, kwamba fedha za nje zisizidi asilimia 15 ya fedha zote za asasi, ingezimaliza asasi nzuri na mbovu pamoja, na Bunge lilifanya vyema kuikataa. Wakenya tunachanga sana: karo, matanga, bili za hospitali. Ila mfanyabiashara anayengoja zabuni ya kaunti atamchangiaje mtu anayekagua zabuni hizo?

Kazi yenyewe ya kufuatilia fedha za umma haina shangwe, ndiyo maana haieleweki. Chukua zahanati ya wadi. Kikundi cha wananchi huomba kwa maandishi mkataba na BQ, ile orodha ya vifaa, vipimo na bei. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu; ikinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Bila BQ, wananchi wanaona jengo na paa, basi. Wakiwa nayo, wanajua mabati yaliyolipiwa ni ya geji 28, na aliyepanda ngazi anasoma kwenye bati geji 30, jembamba zaidi. Nondo nazo hupimwa kabla zege halijamwagwa. Ukichelewa wiki moja, ushahidi umeshafukiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka kikomo cha matumizi ya kila idara, hufika kufikia 28 Februari, na bunge hilo lina siku 14 za kuupitisha. Makadirio ya bajeti yanafuata 30 Aprili. Sasa asasi iliyopata ruzuku Januari huajiri Februari, hufunza wanakikundi Machi, na Mei huwajaza watu ukumbini. Mama anasimama kuomba dawa ziongezwe zahanati, huku kikomo cha idara ya afya kilishafungwa Machi. Ombi lake sasa linaweza tu kuhamisha shilingi kutoka chanjo au mishahara ya wauguzi. Desemba mradi unakwisha, na Februari inayofuata, pale sauti yake ingebadilisha kitu, hakuna aliyebaki wa kumwita.

Ndiyo maana ruzuku ingefaa kuanza Julai, pamoja na mwaka wa fedha, na kudumu angalau miaka 3. Ilipe kodi ya ofisi, wakili, na mkaguzi wa hesabu kutoka nje, kwa sababu anayedai uwajibikaji lazima aonyeshe vitabu vyake. Itoke pia kwenye mifuko kadhaa. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, wenye mfuko mmoja waliumia kuliko wote, na hapo wakosoaji wa utegemezi walikuwa wamesema kweli.

Zaidi ya yote, ilipe mshahara wa afisa mmoja wa nyaraka, anayejua barua ipi ilipokelewa lini na nani aliipiga muhuri. Mradi ukifungwa naye akaenda zake, faili linabaki kabatini, na zile siku 21 zinapita bila mtu wa kuzihesabu.