Ampule ya mama na vifaranga vyake

Jumamosi iliyopita nilipanda kiti sebuleni kwa mama, Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, nikafungua ampule yake, balbu ile ya zamani ya uzi, ya wati 100, na kuweka ya LED. Mama alikuwa uani, anasonga bukari, yaani ugali, kwenye mbabula, jiko la mkaa. Alipoingia na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasimama mlangoni, akatazama juu, akatazama sahani, akaniuliza:

"Hapa ni ku nyumba ao ku opitali?"

Nilicheka, lakini sombe ile kweli ilikuwa imebadilika rangi. Ilitoka jikoni kijani, mezani ikawa kama simenti mbichi. Kosa ni langu. Muuzaji sokoni aliniambia nyeupe ndiyo yenye nguvu, nikaamini, na sikugeuza boksi kusoma. Pembeni kabisa paliandikwa 6500K. Namba hiyo haihusu nguvu hata kidogo, ni rangi ya mwanga: 6500 ni weupe wa saa sita mchana, 2700 ndiyo manjano ile tuliyoizoea tangu utoto. LED za 2700 zipo, ila kwa wauzaji wetu huzioni ovyo, maana hapa Lubumbashi weupe umekuwa alama ya nyumba ya kisasa. Tunaingia sebuleni kwa watu, wote tuna nyuso za wagonjwa, na tunasifu taa.

Kwa hiyo siku hizi siwacheki tena Wazungu waliong'ang'ania ampule za zamani. Umoja wa Ulaya ulianza kuondoa ampule za zamani sokoni tarehe 1 Septemba 2009, ukaanza na za wati 100, mpaka mwaka 2012 ukafikia hata zile ndogo. Watu Ujerumani wakajaza makabati ampule. Marekani walivutana miaka mingi, sheria ikaanza kubana kweli Agosti 2023. Niliposoma habari hizo zamani niliona ni watu wasio na shida nyingine. Sasa najua kwamba mama naye ana nne, zimefungwa kwenye soksi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Na nyumbani kwake hakuna aliyekuja na amri yoyote. Ameona tu kwamba madukani zinapungua. Masoko makubwa yakifunga mlango, viwanda navyo hupunguza kutengeneza, na sisi wa mwisho wa foleni tunagundua kwa kukosa.

Hoja ya kuacha ampule ya zamani inajulikana: inakula umeme mwingi, inatoa mwanga kiduchu. Kama sehemu 5 kwa 100 ndizo mwanga, zilizobaki ni joto. Wati 100 kwa saa tano kila usiku ni kilowati-saa 15 kwa mwezi. LED yenye mwanga unaokaribiana, ya wati 12 hivi, haifiki 2. Hesabu tamu. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inamfaa mtu mwenye konteri, mita ya umeme. Mama analipa forfe, kiasi kimoja kila mwezi. Awashe moja, awashe kumi, umeme uwepo wiki nzima au ukatike siku nne, fakitire, bili ya mwisho wa mwezi, ni ileile. Sasa nimwambie anunue LED ili aokoe nini? Pesa itakayotoka ni yake, ya kununulia taa, na faida haionekani popote mfukoni mwake.

Inaonekana kwa jirani. Hilo ndilo nililotaka kumweleza mama, na nilishindwa kulisema vizuri siku ile. Nyumba zote za avenue yake zinanywea kabine moja, yaani transfoma ya mtaa. Saa moja jioni kila mtu anawasha, na walio mwisho wa waya wanabaki na volti za huruma. Ampule ya volti 220 ukiipa 140, mwanga wake haupungui kidogo kidogo, unaanguka mpaka kama sehemu ya tano. Unabaki na uzi mwekundu, unajua taa iko wapi lakini hujui kiatu kiko wapi. LED iliyotengenezwa vizuri haijali, ndani ina kifaa cha kurekebisha umeme na inawaka vilevile. Basi mama akibadilisha taa, anayepona ni yule mama wa nyumba ya mwisho. Ni sadaka, na sadaka huwezi kumdai mtu kwa kupanda kiti chake bila kuuliza.

Tena tuseme ukweli, ampule si mwizi mkuu wa avenue. Mwizi mkuu ni resho, jiko la umeme. Resho moja ya wati 1,500 ni ampule kumi na tano za mama. Kwa forfe, nani atanunua makala, yaani mkaa, wakati resho ni bure? Mpaka saa ile volti zinaposhuka, maji hayachemki, na wote wanarudi kwenye mbabula wakilaumu kampuni ya umeme. (Nayo inastahili lawama zake. Kuna laini ya kilomita kama 1,700 inayoleta umeme wa bwawa la Inga mpaka Kolwezi kwa ajili ya shaba, na sisi wa Katuba tunatafuta kiatu gizani.) Kama mtu anataka kweli tuache ampule za zamani, alete konteri kwanza. Nyumba yenye konteri haihitaji kuhubiriwa. Dada yangu alipofungiwa ya kulipia kabla, hazikupita wiki mbili akawa amebadilisha taa zote mwenyewe, mpaka ya chooni.

Halafu kuna hizi LED za bei chee. Boksi linaahidi saa 25,000. Ya kwanza niliyonunua ilikufa katika mwezi wake wa pili, siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya delestaji, mgao wa umeme. Vile vitaa vyenyewe vilikuwa vizima, kilichoungua ni kile kifaa cha ndani, ambacho ndicho wanachokibania pesa. Mama aliiona nikiitupa. Hakusema neno, na ile yake ya wati 100 ilikuwa inawaka juu yetu.

Lakini kilichonishinda kabisa ni vifaranga. Mama anafuga, na mwezi huu wa Juni usiku wa Lubumbashi una baridi kali. Hamsini wako kwenye boksi la kadibodi nyuma ya mlango, juu yao inaning'inia ampule ya zamani. Pale zile sehemu 95 tunazoziita hasara ndizo zinazolea. Mjerumani mmoja, Siegfried Rotthäuser, mwaka 2010 aliwachokoza wakubwa kwa kuuza ampule zilezile akiziita mipira ya joto, Heatball, na kudai kwamba mwanga ndio unaopotea. Alizuiwa. Kwa mama ingekuwa biashara halali.

Tumeelewana hivi: nitatafuta ya 2700 kwa sebule, na ile ya wati 100 inahamia kwenye akiba ya vifaranga, ndani ya soksi yake. Tulikuwa bado tunapanga hayo umeme ukakatika. Mama akatoka gizani, akarudi na chungu cha makala kilichofunikwa jivu, akakisukuma katikati ya boksi, chini ya ampule iliyozimika. Vifaranga vikasogea.